Halloween ya 2018 na kurudi kwa Michael Myers: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Oktoba ikikaribia mwisho, maswali ni yaleyale. Nianze na ipi? Mbona Laurie alishakufa? Yule muuaji ni kaka yake au si kaka yake? Na safari hii adui kafa kweli? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Sehemu tatu za mwanzo hazimwagi uhondo wa filamu ya 2018. Sehemu ya nne na ya tano zinamwaga kila kitu, kwa hiyo kama hujaiangalia, ishia ya tatu, kaiangalie, kisha urudi.

## 1. Ya kuanzia

Hii ni filamu gani, na mbona ina jina lilelile la filamu ya zamani?

Ni filamu ya Marekani iliyoingia kwenye majumba ya sinema Oktoba 2018, ya 11 katika mfululizo wa Halloween ulioanza 1978. Mwongozaji ni David Gordon Green, na steringi ni Jamie Lee Curtis, aliyerudi kucheza Laurie Strode. Haina namba wala jina la nyongeza kwa sababu imejipachika moja kwa moja nyuma ya ile ya 1978 na kuyaruka yote yaliyotokea katikati.

Matokeo yake zipo filamu tatu zinazoitwa Halloween tu: ya 1978, ya 2007 na hii. Ukiitafuta au ukiagiza kwa mtu, taja mwaka. Nimeshakutana na watu wawili watatu walioiponda filamu ya 2018, na tulipoanza kuulizana matukio ikabainika waliangalia ya 2007.

Halloween yenyewe ni sikukuu gani?

Ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, na jina lake limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya 1 Novemba ambayo Wakatoliki wa kwetu wanaijua vizuri. Huko Marekani usiku huo watoto huvaa mavazi ya mashetani, wachawi na mifupa, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Maboga huchongwa macho na meno, ndani ukawekwa mshumaa. Ndugu zetu waliohamia huko wanaujua msimu huu, maana watoto hurudi kutoka shule wakidai vazi.

Kwa hadithi hii kinachohusu ni kimoja tu: huo ndio usiku ambao mtu mzima aliyeficha uso anaweza kukatiza mtaa mzima akiwa na kisu mkononi, na majirani wakamsalimia.

Kwa kifupi, hadithi inahusu nini?

Mwaka 1963, katika mji wa kubuni wa Haddonfield, jimbo la Illinois, mtoto wa miaka 6 aitwaye Michael Myers alimuua dada yake Judith kwa kisu cha jikoni. Alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa miaka 15. Mwaka 1978 akatoroka, akarudi kwao na kuanza kuwawinda wasichana waliokuwa wakilea watoto wa majirani usiku wa Halloween. Laurie Strode, mwanafunzi mpole wa sekondari, alinusurika.

Filamu ya 2018 inaanza miaka 40 baada ya usiku huo. Michael yuko kizuizini, hajatamka neno miaka yote hiyo, na yuko mbioni kuhamishiwa kwingine. Basi linalowasafirisha wafungwa linaacha njia usiku. Laurie, ambaye sasa ni bibi, alikuwa anaingoja siku hiyo.

Ni lazima niangalie zote kumi za kabla yake?

Hapana. Angalia moja tu, ya 1978, dakika 91, kisha nenda moja kwa moja kwenye hii ya dakika 106. Ndivyo watengenezaji walivyokusudia. Ukiiangalia ya 2018 peke yake utaielewa, ila utakosa nusu ya ladha, kwa kuwa picha nyingi zimepangwa zijibizane na za ile ya kwanza (rejea sehemu ya 4, swali la matukio yanayojirudia).

Inatisha kiasi gani? Naweza kuiangalia na watoto?

Usiiangalie na watoto. Uingereza imepewa alama ya 18, na Marekani mtoto chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Ya 1978 ina damu kidogo mno kuliko watu wanavyokumbuka, inatisha kwa kukungojesha. Ya 2018 inangojesha pia, lakini ina visu, vichwa vilivyopondwa, na tukio la chooni kwenye kituo cha mafuta ambalo hata mimi niliyezoea nililitazama kupitia katikati ya vidole.

Michael Myers ni mtu au ni jini?

Katika filamu hizi mbili ni mtu, na bado si mtu. Hajarogwa, hana pepo, hakuna mganga anayetajwa. Lakini mwisho wa ile ya 1978 anapigwa risasi sita, anaanguka kutoka ghorofani, na wanapochungulia chini hayupo. Laurie anamuuliza Dakta Loomis, daktari wa Michael, kama yule ndiye zimwi ambalo watoto hutishiwa nalo, na daktari anakubali. Kwenye orodha ya waigizaji ya 1978, anayezunguka na barakoa hakuandikwa Michael. Ameandikwa The Shape, yaani Umbo. Neno hilo linatosha kukuambia John Carpenter, mwongozaji wa filamu hiyo, alitaka tumwoneje.

## 2. Ilikotoka: 1978 hadi 2009

Filamu ya kwanza ilitengenezwaje?

Kwa pesa ndogo sana: dola zipatazo 300,000. Carpenter aliiongoza, akaiandika pamoja na Debra Hill, na muziki akautunga mwenyewe. Ilipigwa kwa takriban wiki tatu California, wakati wa machipuko, ilhali hadithi inatokea mwezi ambao majani ya Illinois hukauka na kudondoka. Kwa hiyo wakapaka rangi majani ya karatasi, wakayamwaga barabarani, wakishamaliza kupiga tukio wanayaokota ili wayamwage tena mtaa unaofuata. Ukitazama kwa makini utaona majani chini yamekauka na miti juu ni ya kijani kibichi.

Jina la Haddonfield lilitoka kwa Hill, aliyekulia mji wenye jina hilo jimbo la New Jersey. Na Jamie Lee Curtis, aliyekuwa na miaka 19, hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Mama yake ni Janet Leigh, yule anayechomwa kisu bafuni katika Psycho ya 1960.

Filamu iliingiza dola zipatazo milioni 70. Hapo ndipo kila mwenye kamera Marekani alipoanza kutafuta barakoa, kisu na kundi la vijana.

Ni kweli ile barakoa nyeupe ni sura ya mwigizaji wa Star Trek?

Ni kweli. Tommy Lee Wallace, aliyesimamia mandhari, alinunua dukani sura ya mpira ya Kapteni Kirk, iliyofinyangwa kwa uso wa William Shatner, kwa bei isiyofika dola mbili. Akatanua matundu ya macho, akang'oa nyusi na ndevu za pembeni, akavuruga nywele, akapulizia rangi nyeupe. Kilichobaki hakina hasira wala huzuni. Unaangalia uso wa mtu na hupati pa kushika.

Nimesikia mtayarishaji wa Halloween ndiye aliyetengeneza The Message. Inawezekana?

Inawezekana, na ni kweli. Swali hili huulizwa zaidi na watu wa pwani, na wengi hawaamini jibu. Moustapha Akkad alizaliwa Aleppo, Syria, 1930, akaenda Marekani kusomea filamu. Ndiye aliyeiongoza The Message ya 1976, ile ya mwanzo wa Uislamu ambayo Mtume haonekani wala hasikiki, na Anthony Quinn akawa Hamza kwenye toleo la Kiingereza. Toleo la Kiarabu alilipiga sambamba na waigizaji wengine kabisa. Nyumbani kwetu kanda hiyo ilikuwa ikitolewa kabatini kila Ramadhani, na hakuna aliyejua kwamba mkono huohuo ndio uliotoa pesa za Halloween miaka miwili baadaye.

Akkad aliendelea kuwa mtayarishaji mkuu wa filamu zote nane za mwanzo, na 1981 akaongoza Lion of the Desert, juu ya Omar Mukhtar wa Libya. Novemba 2005 aliuawa kwenye milipuko ya mabomu hotelini Amman, Jordan, yeye na binti yake Rima. Aliyekuwa na moyo wa kuwasimulia walimwengu habari za dini yake aliuawa na watu waliodai wanaipigania. Mwanawe Malek ndiye aliyeshika usukani wa familia kwenye mfululizo, na jina lake utaliona kati ya watayarishaji wa ile ya 2018.

Mbona mimi nimeona Laurie akifa?

Umeona sawasawa, tena kuna njia mbili za kumwona amekufa. Mfululizo huu umejikata na kujiunga upya mara kadhaa, na kila tawi lina historia yake.

Tawi la kwanza linatoka 1978 kwenda Halloween II ya 1981, kisha ya nne (1988), ya tano (1989) na ya sita (1995). Humo Laurie anasemwa alikufa ajalini, na anayewindwa ni binti yake mdogo, Jamie. Kadiri linavyoendelea ndivyo linavyojaa laana na watu wa madhehebu ya siri, hadi anayeangalia hajui tena anaogopa nini.

Tawi la pili linatoka 1978 na 1981, linaruka hayo yote, linatua Halloween H20 ya 1998. Humo Laurie yu hai, amebadili jina, ni mkuu wa shule California. Anamkata Michael kichwa kwa shoka, na mimi niliondoka nikiamini yamekwisha. Miaka minne baadaye ikaja Halloween: Resurrection, ikasema aliyekatwa kichwa alikuwa mtu mwingine, na Laurie akauawa dakika za mwanzo kabisa. Nilichukia, na sijaacha kuchukia.

Tawi la tatu ni la mwongozaji Rob Zombie, 2007 na 2009, linaloanza hadithi upya kabisa.

Hii ya 2018 ni tawi la nne: inaishika ya 1978 peke yake. Humo Laurie hakufa ajalini, hakuwa mkuu wa shule, na Michael alikamatwa usiku uleule.

Na Halloween III isiyo na Michael?

Ya 1982. Carpenter na Hill walitaka kila mwaka itoke hadithi mpya ya msimu huo, bila muuaji yuleyule. Watazamaji walikwenda kumtafuta Michael, wakakuta kiwanda cha barakoa, wakakasirika. Haina uhusiano na tawi lolote, na siku hizi ina wapenzi wake. Mimi ni mmoja wao.

## 3. Kurudi kwa 2018

Ilikuwaje mfululizo uliokwama ukafufuka?

Baada ya 2009 kulikuwa na mipango iliyoanza na kufa, mpaka haki zikatoka kampuni moja kwenda nyingine. Mwaka 2016 Miramax na Blumhouse wakatangaza kwamba wanaifanya pamoja, na Carpenter mwenyewe amekubali kurudi akiwa mtayarishaji mkuu na mshauri. Hilo ndilo lililowafanya wapenzi wa zamani wageuke kusikiliza. Blumhouse, kampuni ya Jason Blum, imejijengea jina kwa kutoa bajeti ndogo na kumwachia mwongozaji nafasi ya kuamua.

Walioandika ni Green, Danny McBride na Jeff Fradley. Walipotajwa watu waliguna, kwa sababu Green na McBride walifahamika zaidi kwa vichekesho. Filamu ilipigwa mwanzoni mwa 2018 eneo la Charleston, South Carolina, ikaoneshwa kwanza kwenye tamasha la Toronto mwezi Septemba.

Kwa nini waliufuta ule udugu wa Michael na Laurie?

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi ulioifufua filamu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye ile ya 1978 Laurie si ndugu wa Michael. Asubuhi ya siku ile baba yake, dalali wa nyumba, anamtuma apeleke funguo kwenye nyumba ya zamani ya akina Myers. Michael yuko ndani, nyuma ya mlango. Anamwona. Hakuna sababu nyingine. Angepita msichana mwingine, angekuwa huyo mwingine.

Udugu uliingizwa 1981, Carpenter alipoandika ya pili na kuhitaji cha kuisukuma mbele. Baadaye mwenyewe alikiri kuwa hakulipenda wazo hilo. Lakini likaganda, na filamu zilizofuata zikajengwa juu yake: Michael anaua ukoo wake, kwa hiyo mtu ambaye si wa ukoo huo anaweza kulala. Uovu ukapata sababu, na ukishapata sababu unaanza kujadilika kama ugomvi wa urithi.

Ya 2018 inalimaliza kwa sentensi moja. Kijana anauliza kama si kweli kwamba muuaji alikuwa kaka wa Laurie, na Allyson, mjukuu wake, anamjibu kuwa hayo ni maneno waliyotunga watu. Basi. Tunarudi kwenye hofu ya mwanzo, ya mtu asiyekujua, asiyekudai na asiyekuchukia, aliyekuchagua kwa kuwa ulipita.

Jamie Lee Curtis alishawishika vipi kurudi?

Ameeleza kwamba simu ilitoka kwa Jake Gyllenhaal, rafiki wa familia, aliyekuwa ametoka kufanya kazi na Green na kumsifia. Kisha akasoma alichoandikiwa. Laurie aliyeandikwa hapo si mzee anayeletwa amkabidhi kijana kijiti. Yeye ndiye filamu.

Nani yuko ndani ya barakoa?

Sehemu kubwa ni James Jude Courtney, mwigizaji wa matukio ya hatari. Nick Castle, rafiki wa Carpenter wa chuoni aliyeivaa mwaka 1978 kwa ujira wa dola 25 kwa siku, naye alirudi kwa muda mfupi, na pumzi nzito unazozisikia alizirekodi yeye. Barakoa ni mpya, iliyotengenezwa ionekane imekaa miaka 40: mpira umekunjamana mashavuni, na tundu lipo palepale shingoni ambapo Laurie alimchoma kwa sindano ya kufumia.

Ule muziki ni uleule?

Ni uleule, na aliyeushika ni yuleyule. Carpenter aliutunga upya pamoja na mwanawe Cody na Daniel Davies, mwanawe wa ubatizo. Hakuwa ametunga muziki wa mfululizo huu tangu 1982.

Siri ya ile piano ni hesabu. Nyimbo nyingi tunazozijua zinakwenda kwa mapigo manne, na hii inakwenda kwa matano, mapigo ambayo Carpenter alifundishwa na baba yake kwa ngoma ndogo za bongo. Jaribu kuipigia makofi. Kila unapodhani umefika mwisho wa mzunguko kuna pigo moja limebaki, na mwili unajisikia kama umekosea ngazi gizani.

Iliingiza kiasi gani?

Bajeti ilikuwa dola milioni 10 hivi. Wikiendi ya kwanza Marekani na Kanada iliingiza dola milioni 76, na dunia nzima zaidi ya milioni 250. Hakuna nyingine katika mfululizo iliyofika hapo.

## 4. Ndani ya hadithi (uhondo unamwagwa kuanzia hapa)

Laurie aliishije miaka 40 hiyo?

Alijenga ngome. Nyumba iko msituni, imezungushiwa uzio, taa kali na kamera. Nyuma kuna uwanja wa shabaha wenye sanamu za madukani zilizotobolewa kwa risasi. Chini ya meza ya katikati jikoni kuna mlango wa siri wa kushukia handaki lenye bunduki na vyakula vya makopo. Ameolewa na kuachika mara mbili. Binti yake Karen (Judy Greer) alifundishwa kulenga shabaha kabla hajajua kucheza, mpaka ustawi wa jamii wakamchukua akiwa na miaka 12.

Tazama tukio la mgahawani. Familia imeketi kula, Laurie anaingia kachelewa, macho mekundu, anatoka kumshuhudia Michael akipakiwa kwenye basi. Anachukua glasi ya mvinyo isiyo yake, anainywa kwa mkupuo, kisha analia mbele ya watu. Karen anaona aibu. Allyson (Andi Matichak) anamfuata nje. Katika dakika chache unaona vizazi vitatu: aliyejeruhiwa, aliyelelewa na jeraha, na aliyelisikia tu kama hadithi.

Sisi tunawajua watu hawa. Kuna waliokimbia vita au fujo, na hadi leo hawalali mpaka wamekagua komeo mara tatu, na watoto wao wamekua wakidhani ndivyo nyumba zote zilivyo. Kwa sababu hiyo nasema filamu hii si ya Michael. Steringi hakufa, lakini kunusurika hakukumrudishia maisha aliyokuwa nayo.

Ni tukio gani nisilipite haraka?

Michael akiwasili Haddonfield. Kamera inamfuata bila kukata. Watoto wenye mifuko ya peremende wanapishana naye, anaingia banda la uani anachukua nyundo, anaingia jikoni kwa watu. Anapotoka mkononi hana nyundo tena, ana kisu. Sebuleni kuna kitanda cha mtoto mchanga anayelia. Anasimama. Anamtazama. Anaondoka. Kisha anavuka kwenda nyumba ya pili, na kamera inabaki nje: tunamwona mwanamke dirishani akiwa hana habari, na nyuma yake umbo linaingia taratibu.

Kuhusu yule mtoto mchanga, wengi huuliza kama alimhurumia. Filamu haisemi, na naona ni vizuri isiseme. Kama alimwacha kwa huruma au kwa kutomjali, mama yake jikoni ni maiti vilevile.

Daktari Sartain alikuwa na nia gani?

Dakta Sartain (Haluk Bilginer) ndiye aliyempokea Michael baada ya Dakta Loomis, ambaye mwigizaji wake Donald Pleasence alifariki 1995. Anamchoma kisu afisa wa polisi Hawkins, anaivaa barakoa mwenyewe, na anampeleka Michael kwa Laurie ili aone kitakachotokea. Wengi wanauona huu ndio udhaifu wa filamu, nami nakubali kwamba umekuja ghafla. Lakini wazo lake linashikamana na mwanzo, ambapo waandishi wawili wa vipindi vya sauti wanakwenda hospitali na kuinyanyua barakoa mbele ya Michael wakimsihi aseme kitu. Wote hao wanataka uovu ujieleze. Michael anamponda Sartain kichwa bila kumwambia neno.

Matukio gani yanajirudia kutoka 1978?

Ni mengi, nitataja niliyoyapenda. Boga la mwanzoni: 1978 lilikuwa zima na kamera ikilisogelea polepole, 2018 limeoza na kubonyea, kisha mbele ya macho yetu linajaa upya na kuwaka. Darasani, 1978 Laurie alichungulia dirishani akamwona Michael amesimama ng'ambo ya barabara. Sasa Allyson amekaa sehemu ileile ya darasa, anachungulia, na aliyesimama nje ni bibi yake.

Laurie anaanguka kutoka ghorofani, Michael anachungulia chini, hayupo. Na pale juu ya ngazi za handaki Laurie anajitokeza gizani nyuma ya Michael kama Michael alivyojitokeza nyuma yake. Aliyekuwa anawindwa amejifunza mwendo wa mwindaji.

Ile ya 1978 mimi niliiangalia kwenye kibanda umiza, mkanda umechakaa, mtafsiri kakaa pembeni na maiki. Alitafsiri mfululizo bila kupumua mpaka pale Michael, tuliyedhani kafa, anapoinua kiwiliwili taratibu nyuma ya Laurie. Hapo mtafsiri akanyamaza. Kibanda kizima kilisikia pumzi tu. Miaka yote tangu hapo sijaona aliyeitafsiri vizuri zaidi.

Mwishoni kafa au hakufa?

Karen anajifanya kushindwa, analia kwamba hawezi, Michael anajitokeza juu ya ngazi, na papo hapo anampiga risasi. Handaki, tuliloamini muda wote ni maficho, lilijengwa liwe mtego: vyuma vinajifunga juu yake na nyumba nzima inachomwa moto. Ngome ya miaka 40 inateketea na hakuna anayeililia.

Sasa tazama picha za mwisho za handaki linaloungua. Michael haonekani. Ukisubiri majina yote yaishe utasikia pumzi. Jibu, basi, ni hakufa. Picha yenyewe ya kufungia ni ya wanawake watatu nyuma ya gari, na kisu bado kiko mkononi mwa Allyson.

## 5. Maswali ya pembeni

Niendelee na Halloween Kills na Halloween Ends?

Kills ilipangwa kutoka 2020, ikasogezwa na korona hadi Oktoba 2021. Inaendelea usiku uleule, mji mzima umeshika marungu. Kwa anayetoka sehemu zenye desturi ya kumchoma mtu moto kwa kelele za "mwizi!", lile kundi linalomkimbiza mgonjwa asiye na hatia hospitalini, mpaka anajirusha, linauma kuliko mauaji yote ya Michael. Kwingineko filamu inarukaruka, na kifo cha Karen mwishoni kinanyang'anya kile tulichopewa 2018.

Ends ya 2022 inamweka Michael pembeni na kumfuata kijana mpya, Corey. Imegawa watu vibaya. Humo Michael anasagwa kwenye mashine ya vyuma chakavu, kwa hiyo kwa tawi hili yamekwisha. Ukiniuliza mimi, simama 2018, na ukitaka kufunga kabisa ruka hadi dakika 20 za mwisho za Ends.

Michael ana miaka 61. Anapataje nguvu zile?

Hesabu yako ni sahihi: 6 mwaka 1963, 21 mwaka 1978, 61 mwaka 2018. Filamu haitoi maelezo, na jibu langu ni lile la sehemu ya 1: Umbo. Ila Courtney anamtembeza kama mtu mzima, hakimbii hata mara moja, na mvi zinaonekana kisogoni kabla hajavaa barakoa.

Wale watoto watatu waliovaa barakoa za boga, fuvu na mchawi ni nani?

Hawana jina wala maneno. Ni barakoa za kiwanda cha Halloween III, zimepitishwa barabarani kwa sekunde chache kama salamu kwa ile filamu iliyokataliwa. Ukipepesa macho zimekupita.